Umeitwa kazini karakana ya kurejeleza taka Kigoma? Jua kwanza kazi ya meza ya kuchambulia

Mkuu, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wadau waliotangulia. Unasema umeitwa kazini kwenye karakana hapa Kigoma mjini inayogeuza plastiki, matairi, mapipa na mbao za mitumbwi mikuukuu kuwa stuli, mbao za plastiki, makatambuga na mapambo ya hoteli. Unataka kujua kazi ya kila siku ikoje, na ukija kufungua ya kwako uanzie wapi. Wengi wamekujibu kwamba ni kazi ya ubunifu. Ubunifu upo, lakini unakula sehemu ndogo ya siku. Kazi yenyewe ni kuchambua, kuosha na kukausha, na hapo ndipo karakana inaponea au kufa. Fundi anayechonga vizuri lakini anaidharau meza ya kuchambulia ataharibu mzigo wa wenzake wote. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, mengine nitayapitia.

Anza kwa kujua mzigo unatoka wapi. Makopo ya maji na soda yanatoka stendi, bandarini, stesheni na kwenye kumbi za harusi. Madumu ya lita 20 na ndoo vinatoka majumbani na kwa wauza mawese. Nyavu chakavu, kamba na maboya vinatoka mialoni, Kibirizi na Katonga. Viti vya plastiki vilivyovunjika vinatoka baa na makanisani. Mifuko laini ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo nailoni utakayoiona sasa ni ile inayofungia katoni za maji na soda. Mzigo una kupanda na kushuka. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikaza wanapumzika, wanashona nyavu na kutupa zilizokufa, na mzigo wa mwaloni unajaa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Vipindi kama hivyo pesa ya mwaloni inakauka, wanaoleta makopo wanaongezeka na wanaonunua stuli wanapungua, kwa hiyo karakana isiyo na akiba ya kulipa waokota makopo papo hapo inawapoteza, na kuwarudisha ni kazi.

Sasa meza. Meza nzuri ya kuchambulia ina kimo cha kiunoni, na juu yake kuna wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita moja hivi ili mchanga na vifuniko vilivyopasuka vianguke chini. Mchanga wa Kigoma ndio adui wa visu vya mashine ya kusagia: gunia moja la makopo ya ufukweni likiingia bila kukung'utwa, visu vinavyopaswa kukaa wiki kadhaa bila kunolewa vinaisha makali mara moja. Meza iwekwe kwenye mwanga wa jua lakini chini ya paa, watu wakae pande mbili wakitazamana, kila mmoja na viroba vyake vimeandikwa.

Alama ya pembetatu yenye namba chini ya chombo ndiyo kianzio. Namba 1 ni PET, makopo ya maji na soda. Namba 2 ni HDPE, madumu, chupa za shampuu na ndoo nyingine. Namba 3 ni PVC, mabomba na baadhi ya viatu. Namba 4 ni LDPE, nailoni laini. Namba 5 ni PP, viti, mabeseni, viroba vya sandarusi na vifuniko vingi. Namba 6 ni PS, vijiko vya kutupa na vyombo vya chakula vya povu. Shida ni kwamba nusu ya vitu utakavyovishika havina alama au imefutika, na hapo ndipo ujuzi unapoanza.

Kipimo cha kwanza ni ndoo ya maji. Kata kipande kidogo, kisugue kwa maji yenye sabuni kidogo ili mapovu ya hewa yasikishikilie, kizamishe kwa kidole kisha ukiachie. HDPE, LDPE na PP vinaelea kwa sababu ni vyepesi kuliko maji. PET, PVC na PS ngumu vinazama, ila PS ya povu inaelea. Kipimo hiki peke yake kinakuondolea hatari kubwa kuliko zote, yaani PVC kuingia kwenye mzigo wa kuyeyusha.

Kipimo cha pili ni cha kutenganisha HDPE na PP, kwa sababu zote zinaelea na kwa macho zinafanana. Chukua spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, vikombe viwili, changanya na kikombe kimoja cha maji. Humo HDPE inazama na PP inaelea. Usitegemee vipimo vya vikombe tu: jaribu kwanza na kipande cha dumu na kipande cha kiti ambavyo una hakika navyo, ukiona vyote vinaelea ongeza spiriti kidogo, vyote vikizama ongeza maji. Funika chupa ukimaliza, spiriti ikipaa hewani mchanganyiko unabadilika na utaanza kukudanganya. Na moto usiwe karibu.

Ukucha nao unasaidia. HDPE na LDPE zina utelezi wa nta na ukucha ukikwaruza unaacha alama. PP ni ngumu zaidi na haikwaruziki kirahisi. Mafundi wa zamani wanachoma kipande kidogo kwa koleo nje, upepo ukiwa mgongoni: HDPE inadondosha matone na inanuka mshumaa uliozimwa, PS inatoa masizi meusi yanayoruka, PVC inazimika yenyewe ukiiondoa kwenye moto na moshi wake unachoma pua kwa sababu una asidi ya hidrokloriki. Mimi sishauri kuchoma kama ndoo na spiriti vipo. Ukiwa na shaka na kipande, weka kwenye kiroba cha "sijui". Karakana yenye kiroba cha "sijui" kilichojaa ina watu makini.

Kwa nini ukali wote huu? HDPE inayeyuka kwenye nyuzi 130 za Selsiasi hivi, PP kwenye 160 na kidogo, PET kwenye 250 hivi. Presi, yaani mashine inayobana plastiki iliyosagwa kwa joto hadi iwe ubao, iliyowekwa nyuzi 180 kwa ajili ya madumu ikipata kipande cha PET, kipande kinabaki kigumu ndani ya ubao, na siku utakapoukata kwa msumeno au mteja akiukalia, ubao unapasukia hapo hapo. PP na HDPE zinayeyuka pamoja lakini hazishikani vizuri. Ubao unatoka mzuri machoni, ukiupinda unabanduka matabaka. Kifuniko kimoja kimoja hakileti shida, ila usivuke asilimia 5. Nyavu za nailoni za uvuvi ni jamii nyingine kabisa, zinayeyuka juu ya nyuzi 200 na zinanyonya unyevu. Usizichanganye na madumu, ziuze peke yake au zisukwe. Na kabla ya kuzisuka toa vipande vya risasi vinavyozamishia wavu, risasi ni sumu, isipite kwenye mashine wala kwenye mikono mitupu.

Kuna vitu visivyopita meza hiyo kabisa. Madumu ya viuatilifu, na ukumbuke mzigo unaoletwa kutoka Urambo na Sikonge, mkoani Tabora, unaweza kuwa na makopo ya dawa za tumbaku ambayo kwa nje ni HDPE nzuri nyeupe. Vyandarua vyenye dawa: dawa yake ni ya jamii ya pirethroidi, haimdhuru sana mtu lakini maji ya kuoshea yakifika ziwani yanaua samaki. Sindano na chupa za hospitali. Na betri. Wavuvi wengi wameacha karabai wakahamia taa za betri na sola, kwa hiyo betri zilizokufa zinaingia kwenye mzigo wa mwaloni kwa wingi. Betri ya asidi haipasuliwi ili kutoa risasi, na ya lithiamu haipondwi wala kutobolewa, inashika moto ambao maji ya ndoo hayauzimi kirahisi. Ziwekwe kwenye chombo cha plastiki kikavu, chini ya kivuli, mbali na viroba, hadi apatikane mnunuzi mwenye kibali.

Kuosha kuna sura mbili. Makopo ya maji yanahitaji maji ya kawaida na kutoa lebo. Lebo na pete ya kifuniko vikatwe kwa kisu chenye ncha ya ndoano. Hiyo ndiyo kazi inayochosha vidole kuliko zote na ndiyo inayopandisha bei ya PET. Ukinunua kilo 100 za makopo kwa muokotaji, hesabu kwamba maji yaliyobaki ndani, vifuniko, lebo na uchafu vitakula robo hivi, kwa hiyo bei ya kununulia ipangwe kwa kilo 75, sio 100. Makopo ya lita moja na nusu yanayotimiza kilo moja ni kati ya 30 na 40, ukiona mizani inasema kilo moja kwa makopo 20, fungua vifuniko uangalie.

Madumu ya mawese ndiyo mtihani wenyewe wa Kigoma. Mawese yanaganda ukutani mwa dumu, maji baridi hayayasogezi, na sabuni ya unga peke yake inayapaka tu sehemu nyingine. Mafuta yakibaki, chenga, yaani vipande vya plastiki vya kusagwa, zinateleza kwenye mashine badala ya kukatwa, na ubao unatoka na mabaka yasiyoshika. Fanya hivi: pasua dumu kwa msumeno vipande vinne, kwangua mafuta mazito kwa mbao, kisha zamisha vipande kwenye pipa la chuma lenye maji ya nyuzi 70 hadi 80 yaliyotiwa kostiki (sodiamu hidroksidi, ile ya kutengenezea sabuni), gramu 15 kwa lita. Pipa la lita 200 ukilijaza maji lita 150 linahitaji kilo 2 na robo. Kostiki inapatikana kwa urahisi mjini kwa sababu ya watengeneza sabuni za mawese na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi). Kostiki inaingizwa polepole kwenye maji baridi huku ukikoroga kwa mti mrefu, ndipo unapasha. Usimwagie maji juu ya kostiki wala kuitupa kwenye maji ya moto, inaruka usoni. Usitumie sufuria, kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Glavu ndefu za mpira, miwani iliyoziba pembeni, gambuti, na ndoo ya maji safi karibu. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na jicho likiguswa nenda hospitali huku ukiendelea kuoshwa.

Dakika 15 za kukoroga zinatosha. Kisha suuza mara mbili kwenye mapipa mawili tofauti. Kidole kikiteleza juu ya plastiki kana kwamba kina sabuni, kostiki bado ipo. Maji ya pipa la kwanza yanatumika tena hadi yawe meusi na mazito, halafu yanaachwa yapoe, mafuta yanayoganda juu yanaenguliwa, na yaliyobaki yanakwenda kwenye shimo la kutulizia. Ukiona karakana inamwaga maji hayo kwenye mtaro unaoelekea ziwani, hiyo ni sababu tosha ya kukataa kazi.

Kukausha kwa Kigoma kunategemea majira. Kiangazi, Juni hadi Septemba, turubai na nusu siku ya jua vinatosha, ila upepo wa kusini unapeperusha chenga hadi ufukweni, kwa hiyo turubai ziwe na kingo na juu uwekwe wavu. Masika unahitaji vichanja vya wavu chini ya bati linaloangaza. Chenga zenye unyevu zikiingia kwenye presi zinafanya mapovu. Ubao unakuwa na vishimo ndani ambavyo huvioni hadi uukate.

Mashine ya kusagia nitaieleza kwa ufupi kwa sababu utafundishwa pale pale. Chujio lenye matundu ya milimita 8 hadi 10 linatosha kwa presi. Plastiki inasukumwa kwa fimbo ya mti, mkono hauingii. Khanga, ushungi na tai za aproni zinabanwa ndani. Ikikwama, zima, chomoa waya, na anayeingiza mkono ndiye abaki na funguo ya swichi mfukoni mwake. Vidole vingi vilivyopotea kwenye kazi hii vilipotea wakati mashine "imezimwa" na mwenzako wa upande wa pili akaiwasha.

Kwenye presi, hesabu ni rahisi na mtu yeyote wa karakana aijue kichwani. Uzito wa ubao ni urefu mara upana mara unene kwa sentimita, mara 0.95, unapata gramu. Ubao wa mita moja kwa mita moja, unene milimita 12, ni 100 × 100 × 1.2 × 0.95, yaani gramu 11,400. Ongeza asilimia 5 ya zinazovuja pembeni, pima kilo 12. Dumu tupu la lita 20 lina karibu kilo moja, kwa hiyo ubao mmoja ni madumu 12 au 13. Tandaza chenga sawasawa hadi kwenye kona, kwa sababu kona ndizo zinazopata joto kidogo na ndizo zinazovunjika. Chini na juu weka karatasi ya teflon au paka silikoni nyembamba. Mafuta ya kula yanaungua na kugandisha ubao kwenye bati. Weka nyuzi 180, funga, na kila baada ya dakika kumi kaza jeki kidogo kwa sababu chenga zinashuka. Kwa unene huo inachukua dakika 45 hadi saa nzima, plastiki haipitishi joto haraka na katikati ndiko kunakochelewa. Ukiona moshi, joto limezidi. Plastiki iliyo sahihi inanuka lakini haitoi moshi, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo. Dawa ni feni ya kunyonya hewa juu ya presi na kuta mbili zilizo wazi.

Kupoa ndiko watu wanakoharakisha na kuharibu. Ubao upoe ukiwa umebanwa hadi uweze kuugusa kwa kiganja bila kukitoa. Ukiutoa wa moto, HDPE inanywea asilimia 2 hadi 3, upande uliopoa kwanza unavuta na ubao unajipinda, na hakuna randa itakayounyoosha. Presi moja kwa siku ya kazi itakupa mbao tano au sita za ukubwa huo, anayekuahidi kumi anaziondoa zikiwa za moto.

Kisha kuna ekstruda, mashine ya parafujo inayosukuma plastiki iliyoyeyuka kwenye kalibu kutengeneza nguzo na boriti. Umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki inaganda ndani ya bomba. Ukirudi, kosa linalovunja giaboksi ni kuwasha mota mara tu hita zinapoonyesha namba. Kipima joto kinasoma chuma, hakisomi plastiki iliyo ndani. Subiri dakika 30 baada ya hita zote kufika nyuzi zake, kisha zungusha kwa mkono kwanza ukiweza. Pia mota ziwe na swichi ya kujikata, maana umeme ukishuka mota inavuta zaidi na kuungua waya. Kabla ya kuzima jioni, pitisha HDPE safi nyeupe hadi itoke bila rangi. Uchafu unaolala ndani usiku unakuwa mkaa na utatoka madoa meusi wiki nzima.

Mbao za plastiki zinauzika Kigoma kwa sababu moja kubwa: mchwa hawazili na maji ya ziwa hayaziozeshi. Lakini usiziuze kana kwamba ni mninga. HDPE inapinda kirahisi, ugumu wake ni kama sehemu ya kumi ya mbao, kwa hiyo benchi ambalo kwa mbao lingewekewa miguu kila mita moja, kwa plastiki weka kila sentimita 40 hadi 50. Tena inatanuka kwa jua: ubao wa mita mbili unaweza kurefuka karibu sentimita moja kutoka asubuhi ya baridi hadi jua la saa nane. Tundu la skrubu litobolewe kwa urefu kama yai, skrubu iwe na washa pana na isikazwe hadi mwisho. Fundi aliyezoea mbao anakaza kwa nguvu, na ndani ya mwezi ubao unavimba katikati. Viti vilivyopauka kwa jua usivitumie kwa kitu cha kubeba uzito. PP iliyopigwa na jua miaka mingi imekwisha nguvu hata ukiiyeyusha upya. Visage viingie kidogo kwenye vitu vya mapambo. Na usitengeneze sahani, vibao vya kukatia wala chombo chochote cha chakula kwa plastiki ya kuokota, hata mteja abembeleze.

Kama unataka kuona ubao wa plastiki unafika wapi, kuna jahazi la FlipFlopi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa, likafunikwa vipande vya kandambili, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hiyo ni kazi ya mafundi majahazi waliokomaa. Kwa karakana changa hapa kwetu stuli ya mama lishe, ubao wa bustani na nguzo za vichanja vya dagaa vinatosha, mradi dagaa walale juu ya wavu safi, sio juu ya plastiki yenyewe.

Vitu vingine kwa haraka. Mapipa ya chuma: kamwe usikate pipa la lita 200 kwa grinda au gesi kabla hujalisafisha, mvuke wa mafuta uliobaki unalipuka. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza, fungua vizibo vyote, kisha lijaze maji hadi chini kidogo ya mstari wa kukata. Hata pipa lililokaa mwaka mzima tupu. Matairi: kwa makatambuga tafuta yale ya nyuzi za nailoni, yale ya kisasa yenye waya wa chuma yanaharibu visu na waya unatokeza kwenye nyayo. Yahifadhiwe chini ya paa, maji yakituama humo unafuga mbu. Mbao za mitumbwi: pitisha sumaku na patasi kutoa misumari yote kabla ya randa, na rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa na maji, usiisage kwa msasa mkavu kwa sababu inaweza kuwa na risasi. Harufu ya dagaa haitoki kabisa, kwa hiyo mbao hizo ziende kwenye meza za nje, sio makabati.

Chuma chakavu kina sheria zake na vibali vyake. Usipokee kipande chochote cha reli, taruma, waya wa shaba wa umeme au kifuniko cha chemba, hata kikiletwa kimekatwa vipande vidogo usiku na bei ikawa nzuri. Muulize mwajiri kama ana daftari la wanaoleta chuma, lenye jina na namba ya simu. Ikiwa hana, ujue polisi wakija watamkuta aliye kwenye mizani.

Kuhusu ajira yenyewe, siku ya mahojiano uliza mambo haya bila aibu. Unalipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kipande? Kwa kipande ni sawa kwenye kutoa lebo, lakini kwenye presi kunafanya watu watoe mbao za moto. Sheria ya kazi inaweka saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni saa za ziada kwa mara moja na nusu ya malipo. Mwajiri amejiandikisha WCF? Huo ndio mfuko wa fidia ukikatwa kidole au ukiungua. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wamewahi kukagua? Nani ananunua glavu? Glavu za kuchambulia zinachanika haraka, karakana inayotoa jozi moja kwa mwezi inakutaka uchambue kwa mikono mitupu. Pata chanjo ya pepopunda kabla ya siku ya kwanza, na kila mtu ajue hili: plastiki ya moto ikikuganda kwenye ngozi, weka chini ya maji yanayotiririka dakika 20 na usiibandue, itatoka na ngozi. Aibandue daktari.

Ukija kufungua ya kwako, usianze na mashine. Anza na meza, mizani, viroba, ndoo ya maji na chupa ya spiriti, ununue na kuuza mzigo safi uliochambuliwa. Hapo utajua eneo lako linatoa kilo ngapi za nini kwa mwezi, na ndipo uchague mashine inayolingana. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (mafunzo ya ufundi) Kigoma kwa ajili ya kuchongewa mashine na kalibu, na umalize vibali vya halmashauri na NEMC (baraza la mazingira) mapema kwa sababu kukusanya taka kunahitaji ruhusa. Ulizia TANESCO umeme wa fezi tatu kabla ya kupanga fremu, sio baada.

PET usijaribu kuiyeyusha hapa mwanzoni. Inahitaji kukaushwa kwa mashine maalumu, ikiwa na unyevu hata kidogo inakatika nguvu na kuwa kama kioo. Ifunge marobota uipeleke kwa wanunuzi Dar. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa hiyo nauli ndiyo inayoamua faida: makopo yasiyobanwa yanajaza behewa kwa hewa. Tenga meupe, ya bluu na ya kijani marobota tofauti, toa vifuniko, bana hadi robota lisiingie ngumi, na kila robota liandikwe uzito na tarehe kwa rangi isiyofutika. Piga picha mizani kabla ya kupakia. Mnunuzi wa Dar akisema mzigo umepungua kilo, hizo picha ndizo zitakazozungumza naye.